Nyumba ya Bwana Pinney Mjini Bristol



Leo napenda kuwaelezeni habari za nyumba moja iliyoko Bristol, mji wa bandari ulio magharibi ya Uingereza. Nyumba hiyo ni namba 7 katika njia iitwayo Great George Street, nayo ilijengwa karibu na mwaka 1790. Mwenyewe alikuwa John Pinney, mfanya biashara ya sukari.

Ujenzi wake ni wa namna iliyopendwa sana zamani za wafalme wanne wenye jina la George, waliotawala kwa kufuatana tangu mwaka 1714 hata 1830. Mawe yamechongwa sawasawa, na madirisha yamepangwa kwa safu. Mapambo ni machache. Uzuri wote umo katika vipimo. Vyumba vya kulia chakula na kuzungumza na wageni ni vya fahari, lakini kwa maoni yangu asiyeshuka ngazi mpaka chini hajaiona nyumba hii. Huko chini ndiko kuliko jiko, na chumba cha mwanamke aliyewasimamia watumishi, na birika la mawe ambamo bwana alijitumbukiza mwili mzima katika maji ya baridi. (Walidhani baridi hiyo ni dawa.)

Sasa yafaa tuulize, fedha za kujengea zilitoka wapi? Zilitoka katika mashamba ya miwa ya kisiwa cha Nevis, katika bahari ya Karibi, yaliyolimwa na watumwa wa asili ya Afrika. Pinney alikaa huko miaka mingi. Katika mwaka 1765 alinunua mtoto wa kiume wa miaka 12, jina lake Pero, pamoja na dada zake wawili. Pero alifundishwa kunyoa na kutengeneza nywele, akawa mtumishi wa bwana mwenyewe. Pinney alipohamia Bristol katika mwaka 1783 alikuja naye. Basi Pero aliishi kuiona nyumba hii mpya ikiinuka, akatumika humo, akafa katika mwaka 1798 bila kupewa uhuru wake.

Twayajua hayo kwa sababu Pinney alikuwa mwangalifu mno wa hesabu. Barua na madaftari yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Bristol, na mle binadamu wameandikwa kwa bei, kama vile mapipa ya sukari.

Katika mwaka 1937 nyumba ilitolewa kwa mji, na baadaye ikafanywa jumba la makumbusho. Na katika mwaka 1999 daraja la waendao kwa miguu lilifunguliwa bandarini, likaitwa Daraja la Pero. Lina pembe mbili kubwa mfano wa baragumu. Uzito wake husaidia kuinua sehemu ya katikati, vyombo vipate kupita.