Mlango Uliochorwa Ukutani: Matini na Picha katika Menyu za Tovuti za Umma

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo huchukulia kuwa mlango unafunguka. Huduma za serikali zimehamia mtandaoni: katikati ya mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye jukwaa la eCitizen, na mkazi wa milima ya Kalama anaweza kuomba cheti bila kulipa nauli ya kwenda Machakos mjini. Mlango wa huduma hizo ni menyu, yaani ile safu ya maneno kama Huduma, Leseni na Malipo. Maneno hayo yanaweza kuandikwa kama matini, herufi baada ya herufi, au yakachorwa na kubandikwa kama picha. Kwa mwenye macho mazima tofauti haionekani. Nasema tofauti ipo, nayo ndiyo huamua nani ataingia na nani atabaki nje; kwa hiyo katika tovuti ya umma picha isikalie kiti cha neno.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi. Neno “Leseni” likiandikwa kama matini, kompyuta hupokea herufi sita inazozitambua. Programu ya kusoma skrini, kama vile NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu za Android, huzitamka, au huzipeleka kwenye kifaa cha breili. Neno hilohilo likiwa picha, kilichopo ni vitone vya rangi. Kama aliyeichora hakuiwekea maelezo mbadala, yaani maneno ya kusomwa badala yake, programu mara nyingi hutamka jina la faili, mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiomwambia mtu chochote. Usahaulifu huo si nadra. Uchunguzi wa shirika la WebAIM la Marekani wa mwaka 2024, uliopima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, ulikuta zaidi ya nusu zina picha zisizo na maelezo hayo. Nasi tunaongea habari za watu tulio nao: sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 330,000 wenye ulemavu wa kuona, na chuo cha ufundi cha wasioona kiko papa hapa Machakos.

Mbunifu wa tovuti atajibu kwamba dawa basi ni kuweka maelezo mbadala, na picha ibaki. Dawa hiyo hutibu sikio na kuliacha jicho likiuma. Mwenye uoni hafifu hakuzima macho yake. Hukuza maandishi au hubadili rangi yawe meupe juu ya weusi. Matini hukua bila kupoteza makali, ilhali picha iliyokuzwa mara nyingi huwa ukungu. Matini yaliyoandikwa kwa Kiingereza hutafsiriwa na kivinjari kwa Kiswahili, lakini picha hubaki na lugha yake. Neno la herufi sita ni baiti sita, nalo huja pamoja na ukurasa wenyewe; picha yake huweza kufika baiti maelfu, na mtandao ukilegea huacha kisanduku kitupu. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, katika toleo la 2.0 la mwaka 2008, unataka matini yatumike badala ya picha za maandishi, isipokuwa pale umbo lenyewe ni la lazima, kama nembo.

Wapo wanaotetea picha kwa ajili ya urembo, au kwa ajili ya Kĩkamba chenye ĩ na ũ zake. Zamani walikuwa na haki. Katika miaka ya 1990 kivinjari kilitegemea fonti zilizokuwa tayari kwenye kompyuta ya msomaji, na aliyetaka umbo jingine hakuwa na budi kuchora. Leo tovuti huja na fonti yake, na herufi hizo mbili zina nafasi katika mfumo wa Unicode. Kuchora Kĩkamba sasa ni kukifungia mlango: hakitafutiki, hakinakiliki, hakisomeki kwa sauti.

Pingamizi nzito kuliko zote ni ya asiyejua kusoma. Je, picha si lugha yake? Kwanza, picha ya neno haimsaidii hata kidogo, maana bado ni neno. Mchoro wa kitu, kama simu au bahasha, humsaidia, na hakuna anayeukataza. Ukae kando ya matini, usiyafute. Pili, msaada mkubwa zaidi kwake ni sauti, na sauti hutoka kwenye matini. Tena tuna ushahidi wa nyumbani: tangu 2007 menyu za M-Pesa za kwenye laini ya simu zimekuwa orodha ya maneno matupu, Tuma Pesa, Toa Pesa, na nchi nzima imejifunza njia zake.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na kiwango cha KS 2952 cha mwaka 2022 kinahusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia. Sheria haikukosekana, kilichokosekana ni ukaguzi. Kwa hiyo nawaomba maafisa mnaoidhinisha malipo ya tovuti za umma: kabla ya kutia sahihi, fungueni ukurasa, chukueni neno moja la menyu, mlitafute kwa kitafutio cha kivinjari chenyewe. Lisipopatikana, hilo si neno. Ni mlango uliochorwa ukutani, na hela ya umma isiulipie.