Homoni za Mshtuko, Kumbukumbu ya Hofu na Kero ya Diazepamu Kisii na Nyamira

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya wa kaunti za Kisii na Nyamira



Niliombwa nianze na fasili, nami nitazipitia upesi. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Homoni hizi huuandaa mwili kukimbia au kupigana, na wakati huohuo huufanya ubongo, hasa sehemu iitwayo amigdala, uishike kumbukumbu ya tukio kwa nguvu. Ndiyo maana aliyenusurika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, mpakani mwa Borabu na Sotik anaweza hadi leo kushtushwa na harufu ya moshi. Hayo mliyasoma chuoni.

Lisilosemwa sana ni kwamba kotisoli hiyohiyo husaidia tiba. Mgonjwa akikutanishwa na anachokiogopa, hatua kwa hatua na kwa usalama, kumbukumbu ya zamani haifutiki. Ubongo hujenga nyingine, ya usalama, kando yake. Kotisoli huizuia ile ya zamani isiibuke na huiimarisha hii mpya. Mwaka 2011 Dominique de Quervain na wenzake, Uswisi, walifanya jaribio na wagonjwa 40 wanaoogopa mahali pa juu. Waliopewa miligramu 20 za kotisoli kabla ya mazoezi ya kuikabili hofu walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa kidonge bandia. Sipendekezi tuigawe kotisoli vituoni mwetu. Ila kotisoli ya mwili wenyewe huwa juu asubuhi, na zipo tafiti zinazoonyesha kuwa mazoezi ya asubuhi hufaa zaidi kuliko ya jioni. Hilo halidai bajeti.

Kero yenyewe

Hapa naomba ieleweke kwamba nasema kwa niaba yangu, si ya idara ya afya. Badala ya mazoezi hayo, wagonjwa wetu hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza.

Mgonjwa huja na daftari la shule lililokunjika pembe. Ukurasa wa kwanza: ajali ya bodaboda, hapati usingizi, diazepamu miligramu 5 usiku. Mwezi uliofuata: "endelea". Unaofuata: "endelea". Hakuna aliyeuliza kama amepanda pikipiki tena. Hajapanda, siku ya soko hutembea kwa miguu akiwa na mzigo kichwani. Dawa ikikosekana zahanati, huinunua dukani bila cheti cha daktari, na anauziwa.

Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba benzodiazepini, kundi la diazepamu, zisitumike kutuliza dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Huzoesha mwili, na huweza kuvuruga kule kujifunza upya ambako tiba inakutegemea. Mgonjwa akitulia, hukisifu kidonge wala hajiamini yeye. Nimelisema hili vikaoni mpaka nikiinua mkono watu hutabasamu. Waraka hutoka, hubandikwa ukutani, na vidonge vinaendelea kutolewa chini ya waraka huohuo.

Sisemi diazepamu itupwe. Kwa degedege tunaihitaji. Wala aliyeitumia kwa muda mrefu asikatishwe ghafla, maana anaweza kupata degedege.

Tahadhari nyingine. Mei 2008 watu 11 walichomwa hadi kufa Kisii kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa Marani, hukohuko Kisii. Bibi anayetuhumiwa leo na kuogopa kulala kwake si wa kupewa mazoezi ya kuizoea hofu. Hofu yake ni ya kweli. Huyo anahitaji chifu, polisi na pa kulala, kisha sisi.

Mapendekezo

Diazepamu isiandikwe kwa mshtuko mpya. Ikiwa imeshaandikwa, daftari lionyeshe tarehe ya kuipunguza. Vikao vya kuikabili hofu viwekwe asubuhi, kabla ya foleni ya wagonjwa wa nje. Wahamasishaji wa afya ya jamii wafundishwe kumsindikiza mgonjwa hadi steji ya bodaboda: utafiti wa Nairobi uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa jamii, wakifunzwa, waliwapunguzia dhiki wanawake waliopitia ukatili kwa vikao vitano tu. Maduka ya dawa yakaguliwe. Kila mgonjwa aulizwe anachokikwepa, na jibu liandikwe. Usalama wa mtuhumiwa wa uchawi utangulie tiba. Na narudia, diazepamu isiandikwe kwa mshtuko mpya.

Mwisho, naomba idara zetu mbili zitoe mwongozo mmoja wa maandishi, wenye sahihi za pande zote. Mji wa Keroka umekaa mpakani, na mgonjwa anayenyimwa kidonge Nyamira hukipata Kisii siku hiyohiyo.