Migongo ya wazee wetu



Tumerudi na wazee walioinama migongo. Tunasema ni uzee tu, tunawaambia: kaa, pumzika. Njo kosa letu. Misuli, zile nyama zinazosimamisha uti wa mgongo, inapungua pole pole tangu miaka 30 hivi. Kisha 60 inapungua mbio, na kwa mwenye kukaa bure, mbio zaidi. Kule kambini wengi walikaa bure.

Basi mzee asimame na kuketi kwenye kiti mara 10 kila siku, halafu ajinyooshe, mgongo ukigusa ukuta. Na ndakala na maharagi apate, si bugali na mchuzi tu. (Mara mingi ni yeye mwenyewe anawaachia wajukuu.) Wafadhili, fungu la wazee ni unga mtupu, tunaomba maharagi.

Mwenye kuumwa mgongo pamoja na homa na kukonda, apelekwe hospitali. Kifua kikuu kinaingia hata mgongoni.