Mwalimu wa Maktaba na Mzazi: Kitabu Kikitoka Shuleni, Nani Akipokee?

Mada ya kamati ya elimu katika mkutano wa mwaka na harambee

 

Harambee zetu zimezoea kuzungumzia matofali. Madarasa, vyoo, madawati, bati. Hatuyabezi hayo, na yataendelea. Ila leo kamati imeomba nafasi izungumzie kitu kidogo kinachobebeka kwenye mfuko wa daftari, yaani kitabu cha hadithi, na watu wawili wanaokishika mtoto akiwa katikati yao: mwalimu wa maktaba na mzazi.

Tuanze na mwalimu. Tunaposema "mkutubi" wengi wenu mnafikiria mtu aliyesomea kazi hiyo. Wapo, na nchi yetu ina chuo chao Bagamoyo tangu mwaka 1989. Lakini katika shule zetu za msingi, kuanzia Nyaishozi hadi Murongo, usitegemee kumkuta. Utamkuta mwalimu wa Kiswahili au wa darasa la tatu, mwenye vipindi vyake vyote, aliyekabidhiwa pia ufunguo wa kabati. Maktaba yenyewe mara nyingi ndiyo hilo kabati, na kabati liko ofisini kwa mwalimu mkuu. Kila kitabu kilichomo kimeandikwa kwenye leja ya mali za shule. Kikipotea, anayeulizwa ni yeye. Kwa hiyo anafanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angefanya: anafunga.

Upande wa pili yupo mzazi. Mtoto akija na kitabu nyumbani, mama anaangalia paa linalovuja, anaangalia mdogo wake anayetambaa na mikono yenye matope, halafu anasema: rudisha hicho kitu kesho asubuhi, kikichanika tutalipa na nini? Tumelisikia hilo katika vijiji vingi. Huo sio ujinga wala kutopenda elimu. Ni hofu ile ile ya mwalimu.

Hofu mbili zikikutana, kitabu hubaki kipya. Kuna shule ambazo ukifungua kabati unakuta vitabu vya hadithi bado vinanukia wino, na darasa la nne jirani lina watoto wanaosoma kwa kuhangaika na silabi.

Tuseme pia kuhusu elimu bila ada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto walimiminika shuleni. Tulifurahi na bado tunafurahi. Lakini umetuachia mazoea ya kusema kila kilichomo shuleni ni cha serikali na mzazi hahusiki. Utaratibu huo ulipoanza, ruzuku ya shule ya msingi ilikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Vitabu vinavyokuja kwa njia hiyo kwanza ni vya kiada. Na kitabu cha kiada kinamfundisha mtoto somo. Hakimfanyi apende kusoma. Kinachofanya hivyo ni hadithi ya sungura, ya mfalme, ya mtoto aliyepotea mnadani. Hapo ndipo palipo wazi, na hapo ndipo mzazi na chama chetu tunaweza kusimama bila kugombana na waraka wowote, maana mchango wa hiari uliokubaliwa na wazazi wenyewe haujakatazwa, ilimradi asirudishwe nyumbani mtoto wa yeyote ambaye hakutoa.

Wapo watakaosema: wazazi wetu wengi Kiswahili cha kusoma hakiwakai vizuri, nyumbani tunaongea Runyambo, na kule Kyerwa utasikia pia Ruhaya, Rukiga na Kinyarwanda. Ni kweli. Lakini mzazi hahitaji kumsomea mtoto. Anahitaji kukaa naye wakati wa kumenya ndizi na kumwambia: nisimulie kilichomo. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili kisha akasimulia kwa Runyambo amefanya kazi mara mbili, na mama yake amejua papo hapo kama ameelewa au alikuwa anapita juu ya herufi. Mwalimu mwenye watoto 80 darasani hawezi kumpima kila mmoja hivyo. Bibi anaweza, hata kama hajui kusaini jina lake.

Wazee wetu hapa wanajua tunachosema. Wengine walijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Wakati ule serikali ilitambua mapema kwamba aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma husahau. Ndiyo sababu zilianzishwa maktaba za vijiji, na kanda yetu ya ziwa ikawa na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililochapwa Mwanza. Maktaba hizo nyingi zimekufa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ipo na inafanya kazi, lakini maktaba yake ya mkoa wetu iko Bukoba, zaidi ya kilometa 100 kutoka Kayanga, na kutoka Kaisho ni mbali zaidi. Mtoto wa darasa la tatu hatapanda basi kwenda kuazima kitabu.

Tutazame kwa jirani. Ukivuka Mutukula ukaelekea Masaka, kuna kijiji kinaitwa Kitengesa. Mwaka 1999, katika shule ya sekondari ya pale, walianza na sanduku moja la vitabu. Sanduku, sio jengo. Jengo lilikuja baadaye, watu walipokwisha kuzoea kuazima. Maktaba iko shuleni lakini mlango wake uko wazi kwa kijiji: wanafunzi wanakuja, na wakulima wanakuja kusoma magazeti. Baadhi ya wanafunzi hufanya kazi ya kuhudumia maktaba na kwa kazi hiyo husaidiwa ada. Kutokana na juhudi za namna hiyo, mwaka 2007 Uganda ikapata chama cha maktaba za jamii. Hatusemi tuige kila kitu, sisi shule zetu na taratibu zetu ni tofauti. Tunachokitaka ni ule mpangilio wao: sanduku kwanza, watu kwanza, ukuta baadaye.

Hapa kamati ina msimamo, na tunajua hautawafurahisha wote. Hatuombi fedha za jengo la maktaba mwaka huu. Jengo lenye kufuli ni kabati kubwa tu. Na ndugu zetu mlioko Ulaya na Marekani, tunawapenda sana, lakini tafadhali msitutumie makontena ya vitabu vilivyokwisha kutumika huko. Mtoto wa Nkwenda anayehangaika na Kiswahili hatasaidiwa na kitabu cha Kiingereza kuhusu kuteleza kwenye theluji. Gharama ya kusafirisha na kutoa mzigo bandarini ingenunua vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa hapa hapa. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuchapwa kwa vitabu vya aina hiyo nchini tangu mwaka 1991, kwa hiyo vya kununua vipo.

Tunachoomba ni tranka la bati kwa kila darasa kuanzia la pili hadi la nne, lenye vitabu vya hadithi, daftari la kuazima, gundi, sindano nene na uzi. Tranka likae juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Kila mtoto apewe mfuko wa plastiki mgumu wa kubebea kitabu, maana mvua zetu mnazijua. Kila tranka liwe na wazazi walezi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao kwenye mkutano, mmoja mama na mmoja baba. Tumesisitiza baba kwa makusudi. Mikutano ya shule inajaa akina mama, kisha uamuzi wa fedha unasubiri mtu ambaye hakuja.

Siku ya kuazima, mara moja kwa wiki, mlezi mmoja anakuja kumsaidia mwalimu kuandika nani kachukua nini, na kushona kilichochanika. Mwalimu anabaki kuwa mwenye maktaba. Mlezi sio msimamizi wake wala mpelelezi. Hili tunalisema wazi kwa sababu palipo na ugomvi huanzia hapo: mzazi anaona amepewa cheo, mwalimu anaona amewekewa jicho. Kazi ya mlezi ni kwa wazazi wenzake. Kitabu kisiporudi, asiende mwalimu na fimbo ya maneno, aende mlezi nyumbani kwa jirani yake, akakitafute chini ya kitanda.

Na kikipotea kabisa? Hapa ndipo mpango unasimama au unaanguka. Pendekezo letu ni kwamba vitabu vya chama viandikwe kwenye daftari lake, mbali na leja ya vitabu vya serikali, na kamati ya shule iweke kwenye muhtasari wa kikao kwamba mtoto hatozwi, mzazi hatozwi na mwalimu hakatwi. Vitabu vitakavyoisha kwa kutumika chama kitavijazia kila mwaka. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hatutakihesabu kuwa hasara. Tranka litakalomaliza mwaka vitabu vyote vikiwa safi kama vilivyonunuliwa, ndilo tutakaloliendea kuuliza maswali.

Mikutano ya kuchagua walezi isipangwe kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, watu wakiwa kwenye kahawa, wala siku ya mnada. Hili dogo limekwisha kuua mipango mingi mizuri.

Jambo la mwisho ni vitabu vinavyotuhusu sisi. Mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861, na Speke akaandika habari zake kwenye kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1863. Mwana wa kwetu, Israel Katoke, aliandika historia ya ufalme wa Karagwe, ikachapwa Nairobi mwaka 1975. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002. Ni watoto wangapi wa shule zetu wamewahi kuvishika? Hivyo ni vya walimu na sekondari, tunakubali, lakini mwalimu akiwa navyo atawasimulia wadogo. Na wazee wanaweza kutoa hadithi zao, zikaandikwa na wanafunzi wa madarasa ya juu, zikapigwa chapa na kubanwa kwa pini. Mzazi ambaye hadithi ya baba yake imo ndani ya tranka hataogopa tena kitabu kuingia nyumbani kwake.

Tutaanza na shule sita, tatu Karagwe na tatu Kyerwa. Wilaya ziligawanyika mwaka 2012, chama hakikugawanyika. Hatutazitaja leo, zitachaguliwa miongoni mwa zile ambazo kamati ya shule italeta muhtasari wenye mambo mawili: majina ya walezi waliochaguliwa, na makubaliano kwamba hakuna anayetozwa. Bila karatasi hiyo tranka haliendi, hata kama shule ni ya kijiji cha mwenyekiti.

Fomu za ahadi ziko kwa mhazini. Unaweza kuchangia tranka zima, au ukoo wenu ukachangia moja kwa pamoja, au ukatoa bei ya kitabu kimoja. Atakayechangia tranka ataandika kijiji anachotoka, lakini hatachagua liende wapi. Wenye hadithi za wazee, tafadhali mwoneni katibu kabla ya chakula; ana daftari na kalamu, na ameahidi kutokukatiza maneno ya mtu.