Mwalimu wa Chekechea na Mzazi wa Sokoni



Hapa Kariakoo wazazi wengi huondoka alfajiri kuwahi biashara, na mtoto wa chekechea hupelekwa shuleni na dada wa kazi. Mwalimu akiitisha mkutano saa nne asubuhi, mama lishe hubakiwa na mawili: kuacha sufuria motoni, au kuhesabiwa kuwa mzazi asiyejali. Je, hiyo ni haki?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtwika mzazi wajibu wa kumpatia mtoto elimu na malezi, pamoja na nafasi ya kucheza. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada katika darasa la awali. Ada imeondolewa, wajibu haukuondolewa. Lakini mzazi aliyezoea kuitwa kwa ajili ya michango au makosa ya mtoto, atajuaje kwamba safari hii anaitwa kushauriana?

Basi ninyi walimu, mwiteni kwanza kwa habari njema: mtoto ameweza kuhesabu hadi kumi. Mkutano uwe Jumapili alasiri. Asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo. Dada wa kazi asidharauliwe, kwani ndiye aonaye jinsi mtoto anavyokula na kulala.

Nanyi wazazi, mwulizeni mtoto kila jioni amejifunza nini.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, wakutanisheni hawa wawili. Na kabla ya kusema kwamba mzazi fulani hajali, tuulize kwanza: aliitwa saa ngapi?