Saa za kazi zikibadilika, nani anabeba mzigo?

Ipo kauli moja ambayo wazee wetu waliofanya kazi reli, viwandani na katika mashamba ya mkonge ya Morogoro hawakupata kuambiwa hata siku moja. Kauli yenyewe ni hii: leo usije kazini, fanyia kazi nyumbani. Sisi tumeisikia, tena zaidi ya mara moja.

Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati. Barabara kadhaa za katikati ya jiji zilifungwa, na watumishi wa umma wa jiji hilo wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani tarehe 27 na 28. Hiyo ilikuwa nyepesi. Tarehe zilijulikana mapema, wageni walijulikana, na umeme na simu vilikuwapo.

Miezi tisa baadaye kauli ile ile ikaja na sura nyingine. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ghasia zilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Kesho yake watumishi wa umma wa nchi nzima wakatakiwa wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao hazifanyiki pasipo wao kuwapo kituoni. Wako watu waliopoteza maisha siku zile, na msiba huo ni mkubwa mno kuuchanganya na mazungumzo ya saa za kazi. Sitauchanganya. Leo nachukua jambo dogo lililokuwa pembeni yake, ambalo linaweza kutokea tena kwa sababu nyingine kabisa.

Jambo lenyewe ni kwamba siku watumishi walipoambiwa wafanyie kazi nyumbani, mtandao wa intaneti ulikuwa umekatika nchi nzima, na haukuanza kurudi hadi Novemba 3. Sasa hebu tujiulize. Mhasibu anayekaa Kihonda, ambaye hesabu zake zote zimo katika mfumo wa kompyuta wa ofisi, afanye kazi gani nyumbani bila mtandao? Mwalimu wa chuo kikuu pale Mzumbe au Sokoine asahihishe kazi zipi, ikiwa zimo ndani ya mashine asiyoweza kuifikia? Minara ya mawasiliano iko pale pale juu ya kilele cha Bondwa, tunaiona kutoka mjini ukungu wa asubuhi unapoondoka, lakini mnara usiopitisha kitu ni chuma tu. Kwa watu wengi, kauli ile ilikuwa na maana moja: kaa nyumbani. Ni kauli halali wakati wa hatari, wala siipingi. Ila ni vizuri kitu kikaitwa kwa jina lake, kwa sababu jina hilo ndilo litakaloamua, mambo yakitulia, nani atadaiwa kazi za siku zile na nani atalipwa.

Wala mtandao haukatiki kwa sababu ya uchaguzi peke yake. Mei 12, 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari upande huu wa Afrika zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Hapakuwa na ghasia, hapakuwa na amri yoyote. Watu waliamka Jumatatu, kurasa hazifunguki.

Nasema haya yote nikijua kwamba watu wa Morogoro si wageni wa kazi iliyovurugika. Umeme umetufundisha. Tulikuwa na mgawo mwaka 1992, tukawa nao mwaka 1994, ukarudi mwaka 2006, ukarudi tena kwa ukali mwaka 2011, na wa karibuni tuliuonja kuanzia 2022 hadi mwanzoni mwa 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa. Na hapa kuna kichekesho ambacho kwetu hakijapata kuchekesha: Kidatu, megawati 204, iko ndani ya mkoa huu. Kihansi, megawati 180, iko ndani ya mkoa huu. Mvua zikigoma katika bonde la Ruaha Mkuu, Mtera ikakauka na Kidatu ikapungukiwa, mkaazi wa mkoa wenye mitambo anawasha kibatari kama mwingine yeyote.

Siku za mgawo ndizo zilizotuonyesha saa za kazi zinazobadilika, miaka mingi kabla wataalamu hawajatuandikia habari zake. Fundi wa kuchomelea alifuata umeme kama mvuvi anavyofuata maji. Umeme ukirudi saa 5 usiku, dirisha la mteja linachomelewa saa 5 usiku, na jirani anayetaka kulala anavuta shuka mpaka kichwani. Mwenye mashine ya kusaga aliwaambia wateja waache debe zao, wazifuate kesho. Fundi cherehani aliirudia ile mashine ya kukanyaga kwa miguu ambayo alikuwa ameisukumia uvunguni. Hakuna aliyewapa semina. Walibadili saa, mambo yakaenda.

Wengi tunawasifu hapo, tunasema Mtanzania ni mvumilivu, basi. Mimi naomba tuhesabu kwanza. Yule fundi wa kuchomelea alifungua banda saa 2 asubuhi, akakaa mchana kutwa akingoja umeme ambao ungeweza kurudi wakati wowote, kisha akaanza kazi usiku na kuimaliza saa 8 alfajiri. Kazi aliyoifanya ni ya saa 3. Muda aliokuwa kazini ni saa 18. Hizo 15 nyingine zimelipwa na nani? Hazikulipwa na mteja, hazikulipwa na shirika la umeme. Amezilipa yeye, kwa usingizi wake, na mke wake amezilipa kwa kukaa macho akingoja mlango ugongwe.

Ndiyo maana nasema saa zinazobadilika zina pande mbili. Mfanyakazi akizichagua mwenyewe, apate kumpeleka mtoto kliniki asubuhi na kumaliza kazi jioni, ni nafuu kubwa. Zikichaguliwa na mwingine, au na umeme, zinageuka kuwa saa za kungoja.

Kuna watakaosema dawa ni kupima kazi, si saa. Mtu apewe kazi yake, aifanye muda anaotaka, akimaliza amemaliza. Inapendeza, na hapa Morogoro tuliijua zamani sana. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, Ngerengere na kwingineko yaliendeshwa kwa kipande. Mkata mkonge alikuwa na kadi ya siku 30. Alipewa kazi ya siku, akiimaliza kadi inatiwa alama, na zikitimia 30 analipwa. Hodari aliweza kumaliza kabla ya jua kuwa kali, akaenda zake kulima shamba lake. Asiyemaliza, kwa sababu ya homa au kwa sababu mvua imeharibu njia, hakutiwa alama, ingawa jasho lilikuwa limekwisha kumtoka. Uhuru wa saa ulikuwapo, na hasara yote ya siku mbaya ilikuwa juu ya mkata mkonge. Anayetaka kuurudisha utaratibu huo kwa kompyuta na aurudishe, lakini aseme mapema mvua ikiharibu njia itakuwaje.

Turudi ofisini. Kuna kitu wengi hawajui, na waajiri wengine wanafurahi wasipojulishwa: sheria imekwisha kuyasema mengi ya haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa upande wa Tanzania Bara, inasema saa za kawaida hazitazidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi hazitazidi 6. Ukizidisha, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi inayofanyika kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, nayo ina nyongeza ya asilimia 5. Baina ya siku moja ya kazi na nyingine mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo. Na kwa wale wanaotaka kubana kazi katika siku chache, mlango upo: kwa makubaliano ya maandishi mtu anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila kulipwa ziada, mradi asizidishe siku 5 wala saa 45 kwa wiki. Angalieni neno hilo, maandishi. Ujumbe wa simu kutoka kwa mkuu wa kitengo saa 4 usiku, unaosema "naomba ile ripoti kabla sijalala", si makubaliano ya maandishi, japokuwa umeandikwa.

Wakubwa wanaosimamia wengine kwa niaba ya mwajiri, vifungu hivyo vya saa haviwahusu. Pengine ndiyo sababu hawaoni tatizo kuandika saa 4 usiku.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Anayetoa agizo huwa anafikiria nyumba yenye chumba cha kusomea. Wengi wetu ni wapangaji. Mji Mpya au Mafiga utakuta wapangaji sita wanatumia mita moja ya LUKU, wanachanga kila mwisho wa wiki. Mmoja akianza kuwasha kompyuta na feni kutwa nzima, kikao cha wapangaji kitaitishwa, na kitakuwa kikali. Maji ya bomba yakitoka saa 4 asubuhi katikati ya mkutano wa simu, nani ataacha ndoo? Ukiwa mwanamke uko nyumbani, hakuna anayeamini kuwa uko kazini. Mgeni akibisha hodi utamkaribisha, mtoto akiumwa utambeba. Ukiwa mwanamume uko nyumbani siku tatu mfululizo, mtaa mzima utajua umefukuzwa. Na bando? Ofisini mtandao unalipiwa na ofisi, nyumbani unalipiwa na mfuko wako. Mwajiri amepunguza gharama bila kukata hata senti moja katika mshahara.

Hao, hata hivyo, wana mshahara. Nje ya lango la ofisi yupo mama lishe aliyeamka saa 10 usiku kupika maharage. Ofisi ikihamia nyumbani, sufuria lake haliwezi kuhama. Yupo kibarua wa kupakua magari katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, ambaye siku isiyo na gari haina ugali. Na wapo wakulima wa huko juu milimani. Kabichi, karoti na njegere za Mgeta hukusanywa Nyandira, sehemu inabaki hapa mjini, sehemu inakwenda Dar es Salaam. Gari la mboga husafiri usiku ili lifike sokoni alfajiri, mboga zikiwa bado zina umande. Jiji likifungwa saa 12 jioni, hesabu yote hiyo imekufa. Kabichi haisomi tangazo. Mkulima hana nyumbani kwa kufanyia kazi, kwa sababu nyumbani kwake ndiko anakofanyia kazi tangu mwanzo, na kilichofungwa ni njia.

Wenzetu wa Uganda walipita hapo mwaka 2020 wakati wa korona. Serikali yao ilifunga mengi, ikaruhusu masoko ya chakula yaendelee, kwa sharti kwamba wauzaji wasirudi majumbani mwao kwa siku 14. Kampala wakinamama walilala sokoni, chini ya vyandarua, kando ya meza zao za matoke. Kwa hiyo katika mji mmoja, kwa ugonjwa mmoja, wenye kompyuta waliihamishia ofisi nyumbani, na wauza mboga wakaihamishia nyumba sokoni. Mji ulikula kwa sababu ya hao wa pili.

Sitaki nionekane napinga utaratibu huu. Mafuriko yatakuja, mgawo unaweza kurudi, barabara zitafungwa kwa sababu moja au nyingine, na ni ujinga kumlazimisha mtu avuke maji ya kiuno ili asaini daftari la mahudhurio. Ninachotaka ni kwamba mazungumzo yafanyike siku ya kawaida, umeme ukiwapo na watu wakiwa wametulia. Wafanyakazi na mwajiri wakae, waandike. Bando nani ananunua. Simu zinazimwa saa ngapi. Siku ambayo hakuna umeme wala mtandao ihesabiwe kuwa ya nani. Chama cha wafanyakazi kinachosubiri Mei Mosi kuvaa fulana kingeweza kuanza na hilo.

Na katika karatasi hiyo uwepo mstari wa mfagizi, mlinzi na kibarua, ambao mara nyingi si waajiriwa wa ofisi bali wa mzabuni, na ambao siku ikifungwa huwa hawaulizwi. Ofisi nyingi nilizoingia mjini hapa zina tangazo ukutani linaloeleza moto ukizuka watu watokee mlango gani. Hilo lingine bado sijaliona katika ukuta wowote, na waajiri wanaonisikiliza wanajua kuta ninazozisema.