Tetemeko la Ardhi Hupimwaje?

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Watu walipoteza maisha na nyumba nyingi zilibomoka, hasa Bukoba na Missenyi. Athari zilifika hadi huku kwetu Karagwe na Kyerwa.

Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuwa 5.9. Ulipimwa kwa seismomita, mitambo inayonasa mawimbi yanayopita ardhini. Namba ikipanda kwa moja, nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Ukubwa huo ni mmoja kwa tetemeko zima, ila ukali wa mtikisiko hutofautiana: huzidi karibu na kitovu na penye udongo laini.

Tunaishi kando ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako miamba huvutwa hadi ikakatika na kutikisa ardhi. Hakuna mtambo unaotabiri siku wala saa, basi tujiandae. Ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara na ulinde kichwa. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nguzo za umeme. Na ukijenga, mwambie fundi afunge lenta kuzunguka nyumba nzima, usikubali airuke.